Tahadhari ya Mapema Huokoa Maisha: Funzo la Kimbunga cha 1925

Tornado ni nguzo ya upepo inayozunguka kwa kasi, ikiteremka kutoka wingu la mvua ya radi hadi ardhini. Tarehe 18 Machi 1925, kimbunga cha aina hiyo kilipiga majimbo ya Missouri, Illinois na Indiana nchini Marekani. Kwa muda wa takriban saa 3 na nusu kilisafiri kilomita 350 hivi na kuua watu 695. Katika mji wa Murphysboro pekee walifariki watu 234.

Wakazi hawakuwa wameonywa. Wakati huo, idara ya hali ya hewa ya Marekani iliepuka kutaja tornado katika utabiri wake, ikihofia kuzua taharuki. Msimamo huo ulibadilishwa mwaka wa 1950.

Hapa Kenya, upepo mkali huezua mapaa ya mabati na kuangusha miti na nyaya za umeme. Idara ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari, wakazi wanashauriwa kuingia katika jengo imara, kukaa mbali na madirisha, kutojikinga chini ya miti, kutogusa nyaya zilizoanguka, na kuwajulisha majirani wasio na simu wala redio.