Tuta: Mwinuko wa Barabarani na Maana Zake

Tuta ni udongo uliorundikwa ukainuka. Mkulima hulipandia viazi vitamu. Barabara za lami zilipoenea, jina hilo likapewa pia mwinuko unaokatisha barabara ili magari yapunguze mwendo, ambao wengine, hasa Kenya, huuita bampu.

Kibao cha kilomita 50 kwa saa dereva aweza kukipuuza, tuta halipuuziki. Akipita polepole, magurudumu hupanda na kushuka taratibu. Akipita mbio, gari hurushwa na kishindo humfikia kitini. Faida yake ni kubwa kwa mtembea kwa miguu, kwani mwendo wa gari ukiongezeka mara mbili, nishati inayobebwa kwenye mgongano huongezeka mara nne.

Mwaka 1953, Arthur Compton, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1927, alibuni matuta kwa ajili ya chuo kikuu alichokiongoza mjini St. Louis, Marekani. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza walijaribu maumbo mbalimbali, wakapendekeza tuta la mgongo wa mviringo, upana wake mita 3.7 hivi na kimo sentimita 10. Nchini Ghana, matuta madogo ya mfululizo, yale ambayo Tanzania huitwa rasta, yaliwekwa Suhum kwenye barabara kuu ya Accra na Kumasi. Ajali hapo zilipungua kwa asilimia 35 hivi na vifo kwa asilimia 55 hivi.

Umbo na mahali ndivyo vinavyolifanya tuta liwe jema au baya. Tuta fupi lililosimama wima huumiza gari hata likienda taratibu. Lisilo na rangi wala kibao huwa mtego usiku, na matuta yakizidi humchelewesha mgonjwa anayewahishwa hospitali.

Kila lugha imelitazama tuta kwa jicho lake. Waingereza huliita polisi aliyelala, kwa kuwa husimamia sheria bila kuinuka. Wafaransa huliita mgongo wa punda, kwa umbo lake. Katika Kiswahili cha Tanzania, jina lenyewe limefika hata uwanjani: mashabiki wa soka huita penalti tuta, na mechi ya sare ikiamuliwa kwa penalti husemwa timu zimekwenda kwenye matuta.

Katika mazungumzo ya kawaida, mtu husema safari yake ya masomo, ndoa au biashara ina matuta. Neno hilo halilingani na ukuta, unaofunga njia, wala na shimo, ambalo ni uharibifu wa barabara. Tuta huiacha njia wazi na humtaka msafiri apunguze mwendo, avuke, kisha aendelee. Ndiyo maana husemwa kuhusu shida inayochelewesha bila kukatisha safari, na methali isemayo mwenda pole hajikwai hulifaa tuta la lami na la maisha pia.