Rebeka Aliulizwa: Ridhaa ya Binti Katika Ndoa ya Kikristo



Pamba inapokuwa imeuzwa na mifugo ina afya njema, familia nyingi za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hufika parokiani kuandikisha ndoa. Mara nyingi msemaji ni baba, mjomba au mshenga. Idadi ya ng'ombe wa mahari imekwisha kukubaliwa. Binti ameketi pembeni akiwa ameinamisha kichwa, na ukimya wake tunauhesabu kuwa ndiyo. Je, ndivyo Maandiko Matakatifu yanavyotufundisha?

Tufungue kitabu cha Mwanzo, sura ya 24. Mtumishi wa Abrahamu amefika kumposea Isaka mke. Zawadi zimetolewa, Labani na Bethueli wamekubali, na kwa desturi ya wakati ule jambo lilikuwa limekwisha. Hata hivyo, asubuhi yake ilipozuka hoja ya siku ya kuondoka, ndugu na mama walimwita Rebeka na kumuuliza yeye mwenyewe kama yuko tayari kwenda na mtu yule. Akajibu kwamba atakwenda (Mwa 24:57-58). Ni kweli kwamba swali lilihusu safari. Lakini katika jibu lake Rebeka aliikubali ndoa kwa kinywa chake.

Sura ya 29 inatuonyesha upande wa pili. Yakobo alimtumikia Labani miaka 7 kwa ajili ya Raheli, na usiku wa arusi akapewa Lea. Tumezoea kumhurumia Yakobo aliyedanganywa. Ni mara chache tunajiuliza moyo wa Lea ulikuwaje. Miaka mingi baadaye mabinti hao wawili walisema wazi kwamba baba yao aliwafanya kama wageni, akawauza na kuila fedha yao (Mwa 31:14-16). Neno la Mungu limehifadhi lalamiko hilo, wala hatusomi mahali popote kwamba walikemewa kwa kulitoa.

Kanisa halilaani mahari. Kwetu Wasukuma, mahari huunganisha koo mbili na kumpa mwanamke heshima mbele ya ukoo anaoingia. Lakini mahari inapogeuka bei, matunda yake huwa machungu. Mke anayepigwa huambiwa avumilie, kwa sababu ng'ombe wake wamekwisha kutumika kumwoza kaka yake, na hakuna wa kuwarudisha. Hata ile desturi ya chagulaga, ambayo jina lake linatokana na neno la kuchagua, humzingira msichana kwa vijana wanaomsonga amtaje mmoja wao. Uchaguzi usio na nafasi ya kukataa si uchaguzi.

Wengine watatukumbusha Waefeso sura ya 5, wake wawatii waume zao. Tusome aya iliyotangulia, ya 21, inayowataka waamini wote kunyenyekeana katika kicho cha Kristo. Kisha tuone kwamba maneno kwa waume ni mengi kuliko yale kwa wake, na kipimo walichopewa ni Kristo aliyejitoa kwa ajili ya Kanisa.

Kutokana na mafundisho hayo, Sheria ya Kanisa yasema kwamba ndoa hufanywa na ridhaa ya wahusika wenyewe, ambayo hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuitoa kwa niaba yao (Kan. 1057). Ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa ni batili (Kan. 1103). Ingawa Kanuni ya 1083 yataja miaka 16 kwa mwanamume na 14 kwa mwanamke kuwa kima cha chini cha uhalali, Kanuni ya 1072 yawataka wachungaji wawazuie vijana wasifunge ndoa kabla ya umri uliozoeleka mahali pao.

Nchini mwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanasheria Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye Julai 2016, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba.

Sisi mapadre tuna sehemu yetu ya kujirudi. Katika mahojiano ya kabla ya ndoa, tumewahi kuridhika na jibu lililotolewa mbele ya baba. Yatupasa kumsikiliza binti peke yake, kwa utulivu, naye ajue kwamba akikataa, siri yake italindwa. Wazazi, muulizeni binti yenu kabla ya kuzungumzia ng'ombe. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mkisikia binti ameachishwa shule ili aolewe, msingoje matangazo ya ndoa yasomwe. Leteni habari kwa paroko na kwa serikali ya kijiji mapema.

Mwenyezi Mungu mwenyewe, alipotaka Mwanae azaliwe na Bikira Maria, alimtuma malaika na kungoja jibu lake. Nasi tuwangoje mabinti zetu wajibu.