Filamu za Maisha Yetu Zitapigwa na Nani?

Waholanzi ni taifa dogo ambalo sehemu kubwa ya ardhi yake imenyang'anywa bahari. Mwaka 1932 walikamilisha ukuta wa kilomita 32 ulioitenga ghuba ya Zuiderzee na maji ya bahari, na mwananchi wao, Joris Ivens, akaipiga kazi hiyo filamu. Katika Nieuwe Gronden, yaani Ardhi Mpya, ya mwaka 1933, mtazamaji huwaona wafanyakazi wakipanga mawe, ardhi ikichomoza na ngano ikivunwa. Kisha huona jambo la kutisha: nafaka inachomwa moto na kutoswa baharini ili bei isianguke, huku wenye njaa wakiandamana barabarani.

Miaka 30 baadaye mwenzake, Bert Haanstra, alitoa filamu iitwayo Alleman. Humo hamna mfalme wala jemadari. Mna watu wa kawaida tu: wanaoteleza juu ya barafu, wanaobadili nguo ufukweni kwa aibu na taulo, na wengineo katika shughuli zao za kila siku. Mwaka 1964 filamu hiyo ilipata tuzo ya Dubu wa Dhahabu mjini Berlin. Taifa lilijitazama, likajicheka, likajitambua.

Ndugu msomaji atauliza: mambo ya Waholanzi yanatuhusu nini sisi wakulima wa mpunga wa Madibira? Yanatuhusu sana. Sisi pia tunaishi kwa kuyatawala maji. Mto Ndembera umegawanywa katika mifereji, mbuga ikawa majaruba, na watu wa makabila mbalimbali wakaja kulima na kuoleana. Wakati wa mavuno familia nzima huwa shambani: baba anapura, mama anapepeta, watoto waliokesha msimu mzima wakiamia ndege sasa wanafunga magunia. Je, ni filamu ngapi zinazoonyesha maisha haya, zilizopigwa na mwana wa hapa? Jibu kila mmoja wetu analijua.

Si kwamba kamera haikufika nchini. Ilifika, lakini ilikuja kama bwana mkubwa. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Waingereza Notcutt na Latham waliweka kituo chao Vugiri, katika milima ya Usambara, wakatengeneza filamu 35 za kuwafundisha Waafrika juu ya kodi, akiba ya posta, kilimo, malaria na safura. Hatusemi kwamba mafunzo yale yote yalikuwa mabaya, kwani safura ni maradhi kweli. Lakini Mwafrika alionyeshwa ili afundishwe. Hakuulizwa yeye ana nini cha kufundisha.

Baada ya Uhuru wenzetu walianza kuugeuza mtazamo huo. Mwaka 1992 Flora M'mbugu-Schelling alitoa filamu juu ya wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji waliokuwa wakiponda kokoto Kunduchi, Dar es Salaam. Hakuweka sauti ya msimulizi wa kuwasemea. Aliiacha mikono yao na nyimbo zao ziseme. Mwaka 2011 Seko Shamte akatoa filamu ya Mkwawa, na jirani zetu wa Iringa wakaona historia yao imeheshimiwa.

Hata hivyo, Madibira iko Usangu, na Usangu una kumbukumbu zake za enzi hizo. Wazee husimulia habari za Mtemi Merere, jinsi Wasangu walivyosukumwa na Wahehe wakauhama Utengule wao, na jinsi walivyorejea baada ya nguvu za Mkwawa kuvunjwa na Wajerumani. Vita vile vimekwisha. Leo Mhehe na Msangu wanakunywa maji ya mfereji mmoja. Lakini historia iliyosimuliwa na upande mmoja ni nusu ya historia. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo.

Nakiri kosa langu mwenyewe. Alikuwapo mzee jirani yangu aliyejua jina la kila kijito kilichokuwapo kabla ya mifereji, na sababu ya jina hilo. Nilimwahidi kwamba baada ya mavuno ningekuja kumrekodi. Mavuno yalimkuta kaburini, na majina yale yakaenda naye. Mwalimu wangu wa chuoni alipenda kutukumbusha kwamba elimu haifutwi vifuani mwa watu ghafla. Huondoka pamoja na wenye elimu. Nilikuwa nikiyakariri maneno hayo tangu utotoni, wala sikuyatenda.

Leo hatuwezi tena kusingizia ukosefu wa vyombo. Simu iliyo mfukoni mwa kijana wa kijiweni inatosha kuanza kazi. Kinachohitajika ni nia na utaratibu. Shule zetu za sekondari ziwatume wanafunzi kwa babu na bibi zao wakati wa likizo. Ushirika wetu utenge fedha kidogo za kuhifadhi nakala mahali salama, si katika simu inayoweza kutumbukia mferejini. Ridhaa ya wenye nyumba iombwe kwanza. Haanstra aliificha kamera yake, sisi tusimvizie mtu.

Wala tusidhani kwamba urithi ni ngoma na mavazi ya sherehe peke yake. Ugomvi wa zamu ya maji ni urithi. Mama anayehesabu magunia na kukuta deni la mbolea limeyameza ni urithi. Ivens hakuishia kwenye ngano iliyokomaa. Aliifuata hadi kwenye bei yake. Nasi tuufuate mpunga wetu hadi huko.

Msimu huu, kabla ya gunia la mwisho kufungwa, kila kijana na aende kwa mzee mmoja, aketi, aulize, arekodi. Tusiseme tena baada ya mavuno.