Kanda ya Kale, Sahani Mpya: Ni Nini Hasa Kinachorudi Santuri za Jazi Zinapotolewa Upya?

Kwa muda wa miaka 33, mpiga piano aliyejaribu kufuatisha upande wa kwanza wa santuri iitwayo Kind of Blue alipatwa na mashaka. Piano yake ilikuwa imelinganishwa sawasawa, lakini haikupatana na santuri. Sauti za santuri zilikuwa juu kidogo. Tofauti haikufika nusu toni, ila ilitosha kulikera sikio lililofunzwa. Akigeuza upande wa pili wa santuri hiyo hiyo, mambo yalikuwa sawa kabisa.

Kasoro hiyo ilikuja kusahihishwa mwaka 1992. Namna ilivyosahihishwa ina funzo kwa kila anayetaka kujua thamani ya sahani za sauti za kiwango cha juu, ambazo tangu mwaka 1999 zimetumiwa kutolea upya santuri mashuhuri za jazi. Katika makala haya tutaeleza jinsi sahani hizo zinavyofanya kazi, kile zinachoongeza, na kile zisichoweza kuongeza hata zikipewa tarakimu nyingi namna gani.

Mashine mbili, mwendo mbalimbali

Kind of Blue ni kazi ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa Marekani. Ilinaswa mjini New York tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya kampuni ya Columbia iliyokuwa Barabara ya 30, ndani ya jengo ambalo hapo awali lilikuwa kanisa. Pamoja naye walikuwapo John Coltrane na Cannonball Adderley kwa saksafoni, Bill Evans kwa piano (isipokuwa kipande kimoja alichopiga Wynton Kelly), Paul Chambers kwa besi na Jimmy Cobb kwa ngoma.

Mafundi walitumia kanda ya sumaku yenye njia tatu. Kanda ya sumaku ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembe ndogo sana za oksidi ya chuma. Maikrofoni hugeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme. Umeme huo hugeuzwa kuwa nguvu ya sumaku katika kichwa cha mashine. Nazo chembe za oksidi zinazopita mbele ya kichwa hicho huondoka zimebeba alama ya nguvu hiyo. Kwa tahadhari, mashine mbili ziliendeshwa kwa pamoja: moja ikinasa kanda mama, ya pili ikinasa kanda ya akiba.

Siku ile ya 2 Machi mashine ya kanda mama ilikwenda polepole kuliko ilivyotakiwa. Ili kuyaelewa matokeo yake, tumfikirie mkulima anayepanda mahindi kwa kudondosha punje moja kila sekunde. Akitembea taratibu mno, punje zitakaribiana. Mtu mwingine akipita baadaye juu ya mstari ule kwa mwendo wa kawaida, atapita punje nyingi zaidi katika kila sekunde. Ndivyo ilivyokuwa kwa kanda. Mawimbi ya sauti yaliandikwa yakiwa yamebanana, na kanda ilipochezwa kwa mwendo sahihi yalitoka upesi kuliko yalivyoingia. Mashine ikipungua mwendo kwa asilimia moja tu, sauti ya mitetemo 440 kwa sekunde, ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha ala zao, itasikika kama ya mitetemo zaidi ya 444, na kipande cha dakika tisa kitafupishwa kwa sekunde zipatazo tano.

Vipande vyote vitatu vya upande wa kwanza vilinaswa siku hiyo. Santuri iliyotolewa Agosti 1959 ilitokana na kanda mama, na matoleo yaliyofuata yakairithi kasoro ile. Hatimaye, lilipoandaliwa toleo la CD la mwaka 1992, ilichukuliwa kanda ya akiba, ambayo mashine yake ilikuwa imekwenda kwa mwendo uliotakiwa. Kwa mara ya kwanza wasikilizaji walivisikia vipande hivyo kama vilivyopigwa.

Msomaji azingatie kwamba kosa hili liliondolewa bila kuongeza hata tarakimu moja. CD ile ilikuwa na kipimo kile kile cha CD nyingine zote. Kilichobadilika ni kanda iliyotumika.

Tarakimu na maana yake

Sasa tutazame kipimo chenyewe. CD iliyoanza kuuzwa mwaka 1982 huhifadhi sauti kwa hesabu. Ukubwa wa wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani kwa kuchagua ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 hivi kwa sekunde. Hisabati ya mawasiliano, ambayo Mmarekani Claude Shannon aliieleza katika makala yake ya mwaka 1949, inathibitisha kwamba wimbi lisilozidi mpaka fulani wa mitetemo laweza kurudishwa lote, bila pengo, endapo litapimwa zaidi ya mara mbili ya mpaka huo. Kwa hiyo mara 44,100 zinatosha kwa mitetemo 20,000. Dhana ya kwamba sauti ya CD ina ngazi kama za jengo, na kwamba kitu kimepotea katikati ya kipimo na kipimo, si sahihi.

Mwaka 1999 kampuni za Sony na Philips zilitoa sahani iitwayo Super Audio CD, kwa kifupi SACD, yenye nafasi takriban mara saba ya ile ya CD. Kind of Blue ilikuwa miongoni mwa kazi zilizotolewa mapema katika sahani hiyo. SACD hutumia biti moja tu kwa kila kipimo, lakini hupima mara 2,822,400 kwa sekunde. Mwaka 2000 ikafuata DVD-Audio, iliyoweza kubeba biti 24 na vipimo 192,000 kwa sekunde. Biti 24 ni ngazi 16,777,216. DVD-Audio haikudumu sokoni. SACD bado hutengenezwa kwa idadi ndogo, na jazi ni sehemu kubwa ya orodha yake.

Je, ngazi hizo zote zinapima nini? Seremala anayepima ubao usiopigwa randa, ambao ukingo wake unapanda na kushuka kwa unene wa kidole, hafaidiki kwa kutumia rula yenye alama nyembamba kama unywele. Ukungu haumo katika rula, umo katika ubao. Kanda ya sumaku nayo ina ukingo wake usio laini, nao ni ule mchakarisho unaosikika chinichini wakati wa ukimya, unaotokana na chembe za oksidi zenyewe. Katika kanda za studio za miaka ya 1950 tofauti kati ya sauti kubwa kabisa na mchakarisho huo ilikuwa desibeli 60 hivi, kwa kutegemea mashine na kanda. Kila biti moja hubeba takriban desibeli 6. Kwa hiyo biti 16 zinafikia desibeli 96. CD ya kawaida tayari inaweza kuubeba muziki wa kanda ile pamoja na mchakarisho wake, na nafasi ikabaki.

Hii haina maana kwamba biti za ziada ni kazi bure. Katika chumba cha fundi zina manufaa makubwa, kwa sababu kila fundi anapoongeza au kupunguza sauti kwa hesabu, tarakimu za mwisho hukadiriwa, na makadirio mengi hujumlika kuwa kosa. Anayefanya kazi kwa biti 24 anaweza kukosea kidogo kidogo bila kosa kufika mahali linaposikika. Tena SACD na DVD-Audio zaweza kubeba njia zaidi ya mbili. Kanda iliyonaswa kwa njia tatu yaweza kusikika kwa vipaza sauti vitatu, kushoto, kati na kulia, jambo ambalo CD haiwezi kulifanya.

Masikio yalipopimwa

Suala hili limefanyiwa majaribio. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi ambao wasikilizaji walilinganisha sahani za kiwango cha juu na sauti ile ile iliyopitishwa katika kipimo cha CD, bila kuambiwa ipi ni ipi. Katika majaribio 554 majibu sahihi yalikuwa 276, yaani asilimia 49.8, sawa na mtu anayerusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya chunguzi 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500. Aliona kwamba wasikilizaji walitambua tofauti kwa asilimia 52.3, na kwamba waliofunzwa walifanya vizuri zaidi. Kwa hiyo haifai kusema kwamba hakuna tofauti yoyote. Yafaa kusema kwamba tofauti ni ndogo mno.

Hata hivyo Meyer na Moran waliona jambo jingine. Sahani nyingi za kiwango cha juu zilikuwa na sauti nzuri kuliko CD za kawaida, hata zilipopitishwa katika kipimo cha CD. Sababu ni kwamba zilikuwa zimeandaliwa kwa uangalifu zaidi. CD nyingi za miaka ya 1980 zilitokana na nakala za nakala, au kanda zilizokuwa zimerekebishwa kwa ajili ya kuchonga santuri, ambapo sauti nzito hupunguzwa ili sindano isiruke. Atoaye sahani ya bei ghali kwa wasikilizaji wachache wenye masikio makini hulazimika kurudi ghalani, kuitafuta kanda ya kwanza, na kuicheza katika mashine iliyosafishwa na kupimwa. Msikilizaji husifu tarakimu zilizoandikwa juu ya kasha, lakini aghalabu kilichomfurahisha ni kazi iliyofanyika ghalani.

Kanda hufa

Kazi hiyo ina kikomo. Plastiki ya asetati, iliyotumika sana katika miaka ya 1940 na 1950, huoza na kutoa harufu ya siki, kisha hukauka na kukatika. Kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zina ugonjwa mwingine: gundi inayoshika chembe za oksidi hufyonza unyevu wa hewa, hunata, na kubanduka kanda inapochezwa. Mafundi huzitia kanda za aina hiyo katika joto la nyuzi 50 hivi za Selsiasi kwa saa kadhaa ili zichezeke kwa muda mfupi na kunakiliwa. Kanda ya asetati haifai kutendewa hivyo, kwani joto huiharibu.

Moto nao hausubiri. Tarehe 1 Juni 2008 jengo la ghala katika eneo la Universal Studios, California, liliteketea likiwa na kanda mama za muziki, zikiwamo za jazi. Ukubwa wa hasara ulibishaniwa hadharani mwaka 2019. Lisilobishaniwa ni kwamba kanda mama iliyoteketea haiwezi kurudishwa na sahani yoyote.

Hapa jambo hili linatuhusu sisi pia. Bendi zetu zilijiita Jazz hata zilipopiga rumba: Western Jazz, Morogoro Jazz, Jamhuri Jazz, na kwa jirani zetu wa Kongo, OK Jazz. Nyingi kati ya nyimbo za bendi za Tanzania zilinaswa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, juu ya kanda za oksidi na gundi zile zile, katika mji wa pwani wenye joto na unyevu ambao gundi hiyo haiuwezi. Kwa kanda hizo swali la biti 16 au 24 linaweza kungoja. Swali lisiloweza kungoja ni kama kila kanda ina nakala ya akiba, imewekwa wapi, na kama mashine itakayoicheza imepimwa mwendo. Kwa Kind of Blue nakala ya akiba ilikuwapo, kwa sababu siku ile ya Machi mwaka 1959 fundi alikuwa ameiwasha mashine ya pili.