Programu ya kompyuta ipimwe kwenye mizani, si ofisini

MKULIMA wa Ufipa hahitaji kuelezwa hasara ya mdudu ghalani. Fukusi, dumuzi na nondo wa nafaka anawafahamu kwa kazi yao: gunia linaonekana zima kwa nje, ukilifungua unakuta unga.

Watengenezaji wa programu za kompyuta nao wana mdudu wao. Ndivyo wanavyoiita hitilafu iliyojificha ndani ya programu. Septemba 9, 1947, mafundi wa kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuwa wakitafuta chanzo cha hitilafu wakakuta nondo halisi amenasa ndani ya mashine. Walimbandika katika daftari la kazi na kuandika kwa utani kwamba sasa mdudu amepatikana kweli.

Mdudu wa namna hiyo sasa anahusu pia biashara ya nafaka Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere. Wanunuzi wa mahindi na maharage, maduka ya pembejeo na vyama vya ushirika wanaweka hesabu katika kompyuta na simu. Mara nyingi kazi hiyo hupewa kijana aliyesomea kompyuta, ambaye huandika programu akiwa ofisini na kuikabidhi siku chache kabla ya msimu wa ununuzi. Programu ikikosea, anayeumia kwanza si yeye. Ni mkulima aliyeleta mzigo na mfanyabiashara aliyeweka mtaji.

Makala haya yanaeleza mikasa minne ya kawaida katika kazi hiyo na namna kila mmoja unavyoweza kuzuiwa mapema kwa gharama ndogo.

Gunia si kipimo

Mkasa wa kwanza ni wa vipimo. Mtengenezaji anaambiwa kwamba mahindi huuzwa kwa gunia, naye anaandika programu inayohesabu kila gunia kuwa kilo 100. Ofisini hesabu inakubali. Kule shambani kuna gunia la debe sita, na kuna lumbesa iliyoshonewa kichwa, ingawa sheria ya vipimo inaikataza.

Tuchukue mfano. Mkulima ameleta magunia 30, na kila moja lina kilo 115. Uzito halisi ni kilo 3,450, lakini programu imeandika kilo 3,000. Bei ikiwa Sh600 kwa kilo, mkulima amepoteza Sh270,000 bila mtu yeyote kukusudia kumwibia. Mfanyabiashara naye hatasalimika, kwa kuwa ghala lake litaonyesha kilo ambazo vitabu havizijui, na siku mzigo ukipungua hatagundua.

Kosa hili limewahi kuwapata hata wataalamu wakubwa. Septemba 1999, Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo kilichokuwa kinafika kwenye sayari ya Mars. Programu ya upande mmoja ilitoa hesabu kwa vipimo vya pauni, wakati upande wa pili ulizisoma kama za metriki. Kila upande ulipiga hesabu yake vizuri, ila hakuna aliyemuuliza mwenzake kipimo anachotumia. Swali hilohilo ndilo linalopaswa kuulizwa kwenye kituo cha kununulia mahindi: gunia lako lina kilo ngapi?

Julai inapogeuka Machi

Mkasa wa pili ni wa tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani hutanguliza mwezi, na kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa mtindo wao. Karani akiandika 03/07, akimaanisha Julai 3, kompyuta iliyopangwa hivyo inaelewa Machi 7. Akiandika 13/07, kompyuta haioni mwezi wa 13, hivyo inaliacha andiko hilo kama maneno tu.

Matokeo yake ni kwamba manunuzi ya siku 12 za kwanza za mwezi yanaweza kuhamia miezi mingine, na yanayobaki yasihesabiwe kabisa. Yeyote anayeijua Ufipa atashtuka akiona mahindi mapya yamenunuliwa kwa wingi mwezi Machi, wakati mvua zinanyesha na mazao bado yako shambani. Kijana aliye mbali na kilimo anaweza asishtuke. Kama kuna mkopo wa mbolea unaotozwa riba kwa tarehe, kosa hili linamwongezea mkulima deni la miezi minne. Dawa yake ni rahisi: programu imwonyeshe karani jina la mwezi kwa maneno.

Alama ndogo yenye gharama

Mkasa wa tatu unawahusu wanaotuma ujumbe wa simu kwa wateja wengi kwa pamoja. Ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160. Ikiingia hata alama moja ambayo haimo katika orodha ya kawaida ya simu, nafasi hiyo hushuka hadi herufi 70.

Kiswahili kina bahati, kwa sababu herufi zake zote zimo katika orodha hiyo. Tatizo hujificha katika neno kama ng'ombe. Ile alama iliyo juu, ikiandikwa wima kama inavyotoka kwenye simu nyingi, haina madhara. Lakini programu za kuandikia barua kwenye kompyuta huipinda zenyewe ili ipendeze, na ikishapinda haimo tena katika orodha.

Duka la pembejeo linapowatangazia wateja 400 dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ujumbe wa herufi 150, alama hiyo moja inaweza kuukata ujumbe vipande vitatu. Badala ya kulipia ujumbe 400, mwenye duka analipia 1,200. Anayetambua sababu huokoa theluthi mbili ya gharama kwa kuifuta alama hiyo na kuiandika upya.

Umeme unapokatika katikati

Mkasa wa nne Sumbawanga wanaufahamu vizuri. Karani anahifadhi hesabu, umeme unakatika. Ukirudi, mzigo umeshaingizwa ghalani katika kompyuta, lakini malipo ya mkulima hayajaandikwa. Mkulima anadai, karani anabisha, na kila mmoja anamshuku mwenzake.

Jina la Sumbawanga hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", na hapa wosia huo unafaa sana. Hesabu zilizopotea zina sababu yake, na dawa yake inajulikana. Programu nzuri za fedha huandikwa kwa kanuni ya yote au hakuna: mzigo na malipo viingie pamoja, la sivyo visiingie kabisa. Mfanyabiashara anaweza kuhakikisha hilo bila kujua kompyuta. Siku ya majaribio, kabla hesabu halisi hazijaingizwa, mtengenezaji achomoe waya wa umeme katikati ya kazi, kisha awashe tena na kuonyesha kilichobaki.

Kosa la mteja lilivyogeuka biashara

Si kila mkasa unaishia kwenye hasara. Mfano mzuri uko kwa jirani zetu Kenya. Oktoba 2005, Nick Hughes na Susie Lonie wa kampuni ya Vodafone walisimamia majaribio ya mfumo wa M-Pesa kwa kushirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu Kenya, katika maeneo ya Nairobi na Thika. Lengo lilikuwa moja: wateja wa mikopo midogo warejeshe madeni yao kwa simu.

Wateja wakaanza kuutumia kwa namna ambazo hazikupangwa. Baadhi walitumiana fedha. Wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasitembee na noti mfukoni. Wakati huohuo, kulinganisha hesabu za marejesho ya mikopo ya vikundi kulionekana kuwa kazi ngumu.

Wasimamizi wangeweza kusema kwamba wateja wanakosea na kuwazuia. Badala yake waliwasikiliza. Huduma ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, suala la mikopo liliwekwa kando na ujumbe ukawa kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Mzazi wa Namanyere anayepokea fedha za mbolea kutoka kwa mwanawe aliye Dar es Salaam ananufaika na ugunduzi uliotokana na kuwatazama watumiaji.

La kufanya kabla ya msimu

Mfanyabiashara au chama kinachotaka programu kizingatie mambo yafuatayo:

Kwanza, mtengenezaji akae kwenye mizani walau siku mbili za ununuzi, aone magunia, aone karani anavyoandika na asikilize wakulima wanavyouliza.

Pili, msimu wa kwanza programu iende sambamba na daftari. Kila jioni hesabu hizo mbili zilinganishwe, na zikitofautiana sababu itafutwe siku hiyohiyo.

Tatu, kila hitilafu iandikwe: tarehe, saa, nani alikuwepo na alibonyeza nini. Mafundi wa Harvard walikuwa na daftari, nanyi muwe nalo.

Nne, sehemu ya malipo ya mtengenezaji ibaki hadi msimu uishe. Hilo si kumdhulumu, mradi mmekubaliana mapema kwa maandishi.

Tano, nakala ya hesabu itunzwe mahali pengine kila wiki.

Kwa upande wake, mkulima adai risiti yenye kilo, bei kwa kilo na mwezi ulioandikwa kwa maneno. Karatasi hiyo ndiyo kinga yake. Akiikagua palepale kwenye mizani, hitilafu inarekebishwa kabla gari halijaondoka. Akisubiri hadi afike nyumbani, itabaki neno lake dhidi ya kompyuta.