Je, Wajua? Daftari la Joto la Kericho

Je, wajua kwamba vipimo vya joto vya Kericho, safari fupi ya matatu kutoka Chepseon, viliwahi kubishaniwa na wanasayansi wa mabara kadhaa?

Ubishi ulitokana na malaria: ilikuwa imezidi kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, na swali likawa kama chanzo ni kupanda kwa joto. Mwaka 2002 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa sehemu nne: Kericho, Kabale ya Uganda, Gikongoro ya Rwanda na Muhanga ya Burundi. Jibu lake? Joto halijabadilika kwa kiasi cha kutajika. Wengine walikataa, maana takwimu zile zilikuwa makadirio yaliyounganishwa kutoka vituo vilivyotawanyika. Na milimani, kama ajuavyo mchuma chai yeyote anayeanza siku na sweta mbili, bonde na kilima havina baridi moja.

Kilichosaidia ni kipimajoto chenyewe cha kituo, ndani ya sanduku jeupe la mbao: limeinuliwa kwa miguu juu ya nyasi, kuta zake zina mianya ya kupitisha upepo lakini si jua. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilitoa rekodi za kila siku za kituo cha Kericho, kuanzia 1979 hadi 2009, ikazichambua pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Matokeo yalitoka 2011: joto limepanda takriban nyuzi 0.2 kila miaka kumi, la juu na la chini pia.

Malaria nayo? Joto si mshtakiwa pekee. Klorokwini, dawa ya malaria, ilikuwa imeshindwa kazi miaka hiyohiyo ugonjwa ulipozidi.