Busia: kazi ziko nje ya ua wa shule

Kutoka Dabani, upande wa Uganda, hadi mjini Busia, kwenye mpaka na Kenya, ni mwendo mfupi wa bodaboda, lakini mwanafunzi anayeupita hukutana na kazi nyingi kuliko zilizotajwa katika daftari lake lolote. Kuna madereva wa malori ya mafuta yanayotoka Kenya, mawakala wa forodha wenye mafaili kwapani, wabadilishaji fedha, mafundi wa kuchomelea, na akina mama wanaovusha mahindi na samaki wakavu. Nyuma yake ameiacha Hospitali ya Dabani ya Jimbo Kuu Katoliki la Tororo, yenye wauguzi, watu wa maabara, watunza stoo na wahasibu. Upande wa Tororo saruji inatengenezwa, Majanji watu wanavua Ziwa Victoria, na Tiira wanachimba dhahabu. Ukimuuliza mwanafunzi huyo anataka kuwa nani, mara nyingi atakutajia daktari, mwanasheria, mhandisi au rubani.

Hakuna ubaya wowote kuutamani udaktari. Linalosikitisha ni kwamba kijana anachagua kati ya majina manne, huku kazi ishirini zikipita mbele ya geti la shule yake bila mtu wa kumweleza zinafanywaje, zinasomewa wapi na zinalipa nini.

Na kuchagua hakungoji. Nchini Uganda, mwanafunzi wa kidato cha 4 hujaza fomu ya shule na vyuo anavyovitaka kabla hata hajafanya mtihani wa UNEB, baraza la taifa la mitihani. Akifaulu kuendelea, huingia kidato cha 5 na kuchukua tahasusi: Fizikia, Kemia na Hisabati, au tuseme Historia, Uchumi na Jiografia. Hapo milango kadhaa ya vyuo imeshafungwa, na mingine imefunguka. Ng'ambo ya pili, nchini Kenya, kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilimaliza Gredi ya 9 mwaka 2025 na kuanza Sekondari Pevu Januari 2026. Zaidi ya watoto milioni 1 walitakiwa kuchagua mkondo mmojawapo kati ya mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi ya jamii; au sanaa na michezo. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka 14 au 15.

Nani huwasaidia kuchagua? Kwa kawaida, mwalimu mmoja ambaye tayari ana mzigo mwingine.

Nchini Kenya, ushauri nasaha shuleni ulipendekezwa tangu tume ya elimu ya Ominde ya mwaka 1964, ukasisitizwa tena na kamati ya Gachathi mwaka 1976. Viboko vilipopigwa marufuku mwaka 2001, shule nyingi ziliugeukia ushauri huo kama njia ya kurekebisha nidhamu. Mpaka leo mwanafunzi anayeitwa ofisi ya ushauri nasaha huanza kujiuliza amekosa nini. Nchini Uganda kazi hiyo huangukia zaidi mwalimu mwandamizi wa kike au wa kiume, ambaye hushughulikia hedhi, mimba, mizozo ya nyumbani na watoto walioacha masomo. Baada ya shule za Uganda kufungwa tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, zikiwa miongoni mwa zilizofungwa muda mrefu zaidi duniani, matatizo ya mabinti waliorudi na watoto mgongoni, au wasiorudi kabisa, yalimjaza mwalimu huyo mikono yote miwili. Kumtaka peke yake ajue pia masharti ya kujiunga na chuo cha ufundi, soko la kazi la forodha na ada za Chuo Kikuu cha Busitema ni kumwonea.

Ndiyo maana mageuzi ya maana hapa hayawezi kuwa kumwongezea mwalimu kitabu kingine cha mwongozo. Yanapaswa kumwongezea watu.

Fikiria wakala wa forodha. Ofisi yake ni chumba kidogo karibu na mpaka, meza, kompyuta na mashine ya kuchapisha. Mzigo ukifika, hutafuta namba ya ushuru ya bidhaa, kisha huangalia iko ngazi gani katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tangu Julai 2022 ngazi hizo ni nne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Chukua bidhaa kutoka nje ya Jumuiya yenye thamani ya shilingi milioni 1 za Uganda, iliyo katika ngazi ya asilimia 25. Ushuru ni shilingi 250,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya Uganda ni asilimia 18, nayo hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani milioni 1 na laki 2 na nusu, hivyo inakuwa shilingi 225,000. Jumla ni 475,000, bila kuhesabu tozo nyinginezo. Hesabu hiyo mwanafunzi wa kidato cha 2 anaiweza. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kuna watu wanaoishi kwa hesabu hiyo, na kwamba ukiikosea, lori linalala barabarani.

Mama anayevusha magunia machache naye ana elimu yake. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zikiwa katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake isizidi dola 2,000, huvuka kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha. Asiyejua hilo huishia kupita njia za panya na kupoteza mzigo. Shuleni nako, katika kidato cha 1 na cha 2, Ujasiriamali na Kiswahili ni masomo ya lazima kwenye mtaala mpya wa Uganda ulioanza mwaka 2020. Hakuna somo la ujasiriamali litakaloshinda saa moja ya kumsikiliza mama huyo, na atazungumza Kiswahili.

Ushirikiano wa namna hii si ndoto. Taaluma ya uwakala wa forodha yenyewe ina cheti cha Afrika Mashariki kinachoendeshwa kwa pamoja na mamlaka za mapato za nchi wanachama na vyama vya mawakala wa mizigo: serikali inaleta sheria, wenye kazi wanaleta uzoefu. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, kimewaweka maofisa wa Uganda na wa Kenya chini ya paa moja. Katika sekondari za Uganda, shirika la Educate!, lililoanza kazi mwaka 2009, limekuwa likipeleka vijana wenye biashara zao wawe walezi wa wanafunzi na vilabu vyao vya biashara. Kama watu wazima wa nchi mbili wanaweza kugongeana mihuri kwenye dirisha moja, shule zao haziko mbali na kukubaliana juu ya ziara za wanafunzi mahali pa kazi.

Uingereza nayo inatoa kipimo kinachofaa kuangaliwa. Vigezo vinane vya Gatsby vya mwongozo wa taaluma shuleni, vilivyotolewa mwaka 2014, vinataka kila mwanafunzi kuanzia umri wa miaka 11 akutane na mwajiri kwa maana halisi angalau mara moja kila mwaka. Neno zito hapo ni kila mwaka. Katika shule zetu kuna siku ya taaluma: wageni wanakuja na suti, wanasimulia walivyofanikiwa, wanapigiwa makofi, wanaondoka. Mwanafunzi anabaki na hamasa ya wiki moja na swali lilelile.

Wasamia, wanaoishi pande zote mbili, wenyewe wanajua kwamba mpaka haukuwazuia watu wao kufika mbali. Ukoo wa Awori ulitoa Moody, mbunge wa Funyula, upande wa Kenya, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya kuanzia mwaka 2003, na mdogo wake Aggrey, mwanariadha wa Olimpiki wa Uganda aliyesoma Harvard, akawa mbunge na baadaye waziri mjini Kampala. Lakini wale walikuwa watoto wa nyumba iliyokuwa na kitu cha kuonyesha. Mtoto ambaye wazazi wake hawajawahi kuingia ofisini anahitaji shule imfanyie kile ambacho nyumba nyingine humfanyia mtoto wake mezani.

Tahadhari mbili haziepukiki. Si kila mahali pa kazi panafaa watoto. Katika mashimo ya dhahabu kuna zebaki na maporomoko, na kijana aliyepelekwa kutazama anaweza kesho akaacha shule akabaki kubeba udongo. Huko aende mtaalamu wa madini shuleni, asipelekwe mwanafunzi shimoni. Pia, hospitali, kiwanda au mamlaka ya mapato haitafungua mlango kwa barua ya mwalimu mmoja. Inahitajika makubaliano ya maandishi kati ya shule, ofisi ya elimu ya wilaya au kaunti na taasisi husika: nani anapokea, wanafunzi wangapi, nani anawajibika mtoto akiumia. Mwalimu wa ushauri nasaha naye apunguziwe vipindi ili awe na muda wa kuyasimamia hayo. Bila muda huo, makubaliano yatakaa kabatini.

Kalenda ndiyo kikwazo kidogo ambacho hakuna anayekizungumzia. Kenya huanza mwaka wa masomo Januari na Uganda Februari, na likizo za katikati ya mwaka mara nyingi zinapishana. Mwezi ambao shule za pande zote mbili zimefungwa kwa sehemu kubwa ni Desemba. Mwanafunzi wa Dabani anayemaliza kidato cha 3 na mwenzake wa Funyula anayemaliza Gredi ya 8 wanaweza kukaa pamoja wiki moja ya mwezi huo, siku moja hospitalini, siku moja forodhani, siku moja katika karakana za Busitema, nyingine katika Chuo Kikuu cha Alupe upande wa Kenya. Fomu za kuchagua zitawafikia wote wawili mwaka unaofuata, na watakuwa na miezi kadhaa ya kubishana na wazazi wao kwa hoja.